Niliketi kwenye kiti cha kilomita ya 71, na mpaka leo sijainuka

Shikamoo mama,

Nina miaka 38, nina mume na watoto wawili. Mbio nilizianza nikiwa na miaka 31, na mpaka sasa nimekimbia marathoni saba. Mwaka juzi nilijaribu kilomita 50, nikamaliza nikicheka. Ndipo nikajiandikisha ultramarathoni ya kilomita 100 milimani, ambayo muda wake wa mwisho ni saa 24. Nilijiandaa miezi minane. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili nirudi kabla watoto hawajaamka, na kila Jumamosi nilikuwa njiani muda wa saa tano au zaidi. Sikuwa mvivu, mama. Nataka ulijue hilo kwanza.

Wiki ya mbio kazi ilinibana. Ijumaa nilifunga kompyuta saa tano usiku, nikalala kama saa tatu hivi. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Kilomita 42 za mwanzo nilizimaliza kwa muda wa saa sita na nusu nikiwa na wenzangu wawili, mwili mwepesi, tunapiga soga. Kisha jua likawa kali, na vile vitu vitamu vikaanza kunikinaisha. Nikifungua jeli, ile pakiti ya sukari ya wakimbiaji, koo linafunga. Kuanzia saa saba mchana sikumbuki kula chochote zaidi ya nusu ya ndizi. Nikawa nakunywa maji, maji mengi, kwa sababu niliogopa kukaukiwa. Kwenye mteremko mrefu mapaja yaliwaka moto, nikameza ibuprofeni mbili, na jioni nyingine mbili. Pete ya ndoa ilinibana mpaka nikaivua nikaitia kwenye mfuko wa zipu.

Giza lilipoingia nikabaki peke yangu. Nilichoona ni kile kiduara cha mwanga wa taa ya kichwani, mawe, na ncha za viatu vyangu. Na kuna neno likaanza kujirudia kichwani: wewe si mtu wa huku. Nikilifukuza linarudi. Nikaanza kulia, wala sikuwa na kitu cha kulilia. Nikafika kituo cha kilomita ya 71 saa tatu usiku, nikajitupa kwenye kiti cha plastiki. Kijana mmoja wa kujitolea akainama akaniuliza, "Dada, unaendelea?" Nikasema hapana. Akanitoa namba ya kifuani, akaikata mstari kwa kalamu, akaandika kwenye karatasi yake. Halafu akaniletea blanketi na supu.

Nilikunywa vikombe viwili vya supu, nikala viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, nikanywa soda. Baada ya dakika kama arobaini nikajihisi mtu. Nikainuka kwenda msalani na miguu ikakubali. Pale pale nikapiga hesabu: zimebaki kilomita 29, na nina muda wa zaidi ya saa nane. Hata kwa kutembea ningefika. Lakini namba ilikuwa imeshachukuliwa.

Hilo ndilo linalonitafuna, wiki ya tatu sasa. Kazini nilikuwa nimeshawatangazia wote. Fulana tulipewa siku ya kuchukua namba, mgongoni imeandikwa "Nimemaliza", nami nimeifutika chini ya mashuka nisiione. Mume wangu alinipokea vizuri. Siku mbili nzima alinishika mkono nikishuka ngazi kinyumenyume. Lakini sasa amesema imetosha: nilifanya vyema kuacha, basi niache moja kwa moja. Hata mkojo wangu ulivyokuwa kama chai ya rangi siku zile mbili, kwake ni ushahidi kwamba mwili huu haukuumbiwa mambo haya.

Kila ninaposoma naambiwa mbio hizi miguu ni sehemu ndogo tu, kubwa ni akili. Basi kwangu ni akili iliyoshindwa. Nakuomba uniambie ukweli. Akili dhaifu inafundishika, au nikubali kipimo changu? Usajili wa mwakani unafunguliwa baada ya miezi miwili.

Wa kilomita ya 71


Marahaba mwanangu.

Barua yako ilinifikia jioni na sikusubiri siku ya safu. Nilikuandikia mistari miwili: kesho asubuhi nenda hospitali, mweleze daktari habari ya mkojo na habari ya zile dawa, uombe kupimwa figo. Umenijibu kwamba ulikwenda, damu na mkojo vimepimwa, figo ziko salama, na daktari amekukataza dawa hizo ukiwa mbioni. Nimeshukuru sana. Sasa tunaweza kukaa tukazungumza.

Nitaanza na huo mkojo, kwa sababu wewe umeandika aya nzima juu ya kiti na sentensi moja juu ya mkojo, tena katika kumlalamikia mumeo. Mimi nimezisoma kinyume chake. Kiti hakikunitisha.

Kwenye mteremko misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki. Inavutwa kurefuka huku yenyewe inajikaza, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za msuli kuliko kupanda mlima. Ndiyo maana ulishuka ngazi kinyumenyume. Nyuzi zikichanika kwa wingi, vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu, pamoja na protini iitwayo mayoglobini. Figo ndizo zinazopaswa kuichuja, na ikizidi inaweza kuziumiza vibaya. Mkojo hugeuka rangi ya chai au ya kola. Ni kweli kwamba mkojo hukolea hata kwa uhaba wa maji tu. Lakini wewe ulikunywa maji kutwa, na rangi ile ilidumu siku mbili. Mkimbiaji hawezi kutofautisha kwa macho yake mwenyewe. Anayeweza ni maabara.

Na ibuprofeni inaingia hapo. Mwili ukiwa kwenye dhiki, damu inayokwenda kwenye figo hupungua, na figo hutegemea kemikali fulani ili kuiacha mishipa yake iwe wazi. Ibuprofeni huzuia kemikali hizo hizo. Ina maana uliziongezea figo mzigo huku ukizibania njia. Tena dawa yenyewe haikukusaidia kama ulivyodhani: watafiti waliowapima wakimbiaji wa Western States, zile mbio za maili 100 za California, waliona waliomeza ibuprofeni hawakupungukiwa na uharibifu wa misuli wala maumivu kuliko wasioimeza. Najua vidonge hivi vinauzwa kama peremende na kila mkimbiaji anavyo mfukoni. Vitoe kwenye mfuko wako.

Haya nayaandika kwa uchungu kwa sababu nimeyapitia. Miaka mingi iliyopita nilimaliza kilomita 160. Nilimaliza, narudia, watu wakanipigia makofi. Kesho yake nililazwa. Nakumbuka muuguzi akikiinua kile kikopo cha mkojo dirishani, akakizungusha polepole kwenye mwanga, kisha akamwita mwenzake bila kusema neno. Mkojo ulikuwa kahawia, huoni upande wa pili. Nilikaa wodini siku nne na sindano ya maji mkononi, na medali iko nyumbani juu ya kabati. Watu wakinisifu kwa mbio zile mpaka leo mimi nakiona kile kikopo.

Sasa pete. Vidole huvimba kwa wengi wanaokimbia muda mrefu, na mara nyingi havina neno. Lakini mtu aliyekunywa maji matupu kwa wingi, hali chakula wala chumvi, naye amemeza dawa za aina hiyo, pete ikimbana ni lazima ajiulize. Maji yakizidi yanaizimua damu, sodiamu, yaani chumvi ya mwilini, inashuka, na ubongo unaweza kuvimba. Dalili zake za mwanzo ni kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, ndiyo maana watu huzidanganya nafsi zao kwamba ni kukaukiwa, wakazidi kunywa. Mwaka 1985 Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake waliandika habari za wanariadha wanne waliougua hivyo katika mashindano ya zaidi ya saa saba, na tangu hapo imejulikana wazi kwamba kwenye masafa haya maji mengi nayo yanaua. Ukiwa na kiu kunywa. Usipokuwa na kiu, usijilazimishe kwa hofu.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu kuhusu kiti. Sababu uliyoitoa ya kuacha haikuwa ya kweli, lakini wakati uliochagua ulikuwa sahihi. Ningekuwa mimi ndiye nimeketi karibu yako usiku ule nikaiona pete mfukoni, nikasikia habari ya vidonge vinne na mapaja yale, nisingekubali uondoke, hata kama supu imekuchangamsha. Kilomita 29 zile unazihesabu kama matembezi. Ilikuwa ni miteremko mingine juu ya misuli iliyokwisha chanika, na kwa mazoea uliyokwisha kuyaanza, vidonge vingine viwili saa sita usiku.

Tuje kwenye akili.

Piga nami hesabu. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 100 za tambarare hutumia karibu kalori 6,000, na milimani ni zaidi. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unatosha kama kalori 2,000 hivi. Mafuta tunayo ya kutosha, hata mwembamba anayo, ila huungua polepole, na ubongo haupati chakula chake humo moja kwa moja. Ubongo hutaka sukari, tena unakula sana: mtu akiwa amepumzika, karibu sehemu moja ya tano ya nishati yake inakwenda huko. Kwa hiyo mkimbiaji hula njiani. Wengi hulenga gramu 60 za wanga kwa saa, na waliozoesha matumbo hufika 90. Jeli moja ina kama gramu 25. Wewe tangu saa saba mchana mpaka saa tatu usiku, muda wa saa nane, ulikula nusu ya ndizi. Ulipaswa kuwa umekula karibu gramu 480.

Ndiyo ile sauti. "Wewe si mtu wa huku." Nimeisikia, na kila mtu wa masafa haya ameisikia kwa maneno yake. Kwangu huja ikisema watoto wako wanakuhitaji, unafanya nini hapa. Mwenzangu mmoja humwambia kwamba viatu vyake havifai, basi atavitukana viatu kilomita kumi nzima. Kinachofanya tuiamini ni kwamba njaa ya mbioni haiji kama njaa. Tumbo haliungurumi. Huja kama huzuni, kama ghadhabu, kama machozi yasiyo na sababu, na kwa sababu imevaa sura ya mawazo yako mwenyewe, unaifungulia mlango. Lakini tazama ulichoandika kwa mkono wako: vikombe viwili, viazi, soda, dakika arobaini, ukajihisi mtu. Akili iliyo dhaifu haiponi kwa vikombe viwili vya supu, mwanangu. Wewe hukuwa na akili dhaifu. Ulikuwa na akili isiyolishwa.

Ongeza na usingizi. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake waliwachukua watu 16, wakawapa kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli ya mazoezi mpaka washindwe. Siku nyingine wakaipanda bila kazi ile. Siku waliyochoshwa akili walishindwa mapema zaidi, ingawa moyo na mapafu havikuonyesha tofauti ya kueleza jambo hilo. Kazi ile ile waliiona nzito zaidi, basi. Wewe ulifunga kompyuta saa tano usiku baada ya wiki nzima ya kubanwa, ukalala muda wa saa tatu, ukaenda kukimbia milimani. Ulianza mbio ukiwa umeshatumia sehemu ya kile unachodhani kilikuishia gizani.

Ndiyo maana siupendi ule msemo wa asilimia kadhaa miguu na nyingine akili. Unamfanya mtu ajilaumu utu wake badala ya kukagua mfuko wake wa chakula. Akili si dereva aliyekaa juu ya mwili akiuchapa. Akili inausoma mwili, na ukiwa umechoka na una njaa inausoma vibaya.

Courtney Dauwalter wa Marekani, mwaka 2012, katika jaribio lake la kwanza la maili 100, aliishia njiani. Mwaka 2023 mwanamke huyo huyo alishinda Western States, Hardrock na UTMB, mbio tatu maarufu za takriban maili 100 kila moja, katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Sikutajii ili nikuambie nawe utakuwa kama yeye. Nakutajia kwa sababu kama kuacha mara moja kungekuwa kipimo cha akili ya mtu, yeye angekuwa amepimwa akamalizwa mwaka ule.

Umeuliza kama inafundishika. Inafundishika, ila anza na tumbo. Ukikimbia, damu inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, na tumbo linabaki na kidogo. Kadiri unavyokwenda kasi na jua linavyokuwa kali, ndivyo tumbo linavyofungwa. Zile kilomita 42 za soga, ukafika kwa muda wa saa sita na nusu, ndipo kichefuchefu chako kilipopikwa. Kilomita 29 zilizofuata zilikuchukua muda wa saa nane na nusu! Nenda polepole mwanzoni mpaka uone aibu. Kilima kitembee, hata kama kila mtu anakimbia, utawakuta mbele. Chakula kikianza kukataa, usikiache kwa saa nane. Punguza mwendo dakika kumi, jimwagie maji kichwani na shingoni, kisha jaribu kitu chenye chumvi badala ya kitamu, kipande kidogo kama cha kumpa mtoto, halafu kingine. Na haya yafanye kwenye zile Jumamosi zako, maana tumbo nalo huzoeshwa kama miguu. Nina hakika ulizikimbia kwa maji na jeli moja, kwa sababu muda wa saa tano mwili unavumilia. Kula kama siku ya mbio.

Mapaja nayo yana habari njema. Msuli uliochanwa kidogo kwa mteremko ukapona, mara ya pili huchanika kidogo zaidi kwa kazi ile ile, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo tafuta miteremko, uishuke kwa hatua fupi fupi, uongeze taratibu. Mazoezi marefu na miteremko acha wiki mbili za mwisho. Wiki ya mbio omba ruhusa kazini kama unavyoomba ya msiba, kwa sababu usiku wa mwisho peke yake hautoshi kulipa deni la usingizi wa wiki.

Usiku ujifunze kwa usiku. Toka saa mbili baada ya watoto kulala, uende na mtu, mrudi saa saba, taa zikiwa kichwani. Kile kiduara cha mwanga hufinya dunia, kila jiwe lina kivuli, na mtu aliyekizoea hakimtishi. Mara moja nilimsindikiza rafiki yangu usiku wa pili wa mbio zake. Alisimama ghafla, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini tumpishe yule mzee aliyeinama njiani. Kilikuwa kisiki. Nilimwambia sawa, tumpishe, tukakizunguka, nikampa kipande cha mkate, tukaendelea. Maruweruwe ya usingizi hayabishaniwi. Yanajulikana, na mtu akiyatarajia hayamwambii kwamba ana wazimu.

Kuhusu kiti chenyewe, nitakupa kanuni ninayoifuata mimi. Kituoni sitoi namba kabla sijala na dakika thelathini hazijapita tangu nilipomeza. Mtu wa kujitolea akiniuliza kama naendelea namjibu, "Nakula." Hilo ni jibu kamili, wala hakuna atakayekudai lingine. Kisha nikijiona mtu, natoka, na nikitoka siwazii mstari wa mwisho hata kidogo. Kilomita 29 usiku hazibebeki kichwani. Saba hadi kituo kijacho zinabebeka, na zikishindikana, kuna ule mti pale mwanga unapofika.

Lakini kanuni hiyo haihusu kila kitu. Mkojo ukiwa kahawia au usipotoka kabisa kwa muda mrefu, kifua kikiuma, ukitapika hata maji, ukiyumba au ukishindwa kujibu swali rahisi, kiungo kikiuma mpaka umebadilisha namna ya kukanyaga, au ukitetemeka kwa baridi na mavazi yameloa, hapo hakuna dakika thelathini. Waite, na usiondoke peke yako. Tarehe 22 Mei 2021, huko Gansu, Uchina, watu 172 walianza mbio za kilomita 100. Mvua ya baridi na upepo mkali viliwakuta juu, wengi wakiwa na kaptula na fulana nyepesi, na 21 walikufa kwa kupoteza joto la mwili. Miongoni mwao walikuwemo wakimbiaji bora wa nchi ile. Mchungaji wa kondoo aliyekuwa amejificha kwenye pango aliwaokoa sita. Walioona hali wakageuka mapema walirudi makwao. Kila ninaposikia mtu akisema wa kweli haachi, nawafikiria wale 21, na nafunga mazungumzo.

Je, ujiandikishe? Bado. Pumzika kwanza mpaka ushuke ngazi bila kuzifikiria na usingizi urudi, halafu kimbia wiki chache bila saa mkononi. Miezi miwili ikiisha, jiulize kama unataka zile kilomita 100 au unataka kufuta aibu ya kazini. Aibu ya kazini inafutika kwa sentensi moja wakati wa chai: nilikimbia kilomita 71 milimani, mwili ukagoma, nikaacha. Asiyeelewa hapo hataelewa hata ukimaliza. Kama ukiona bado unazitaka, zipo, lakini weka katikati yake mbio fupi zaidi, kilomita 50 hivi zinazoingia usiku, na lengo lake liwe moja: kula kila nusu saa mpaka mwisho. Hata ukiwa wa mwisho kabisa. Fulana iache chini ya mashuka, haina haraka.

Amebaki mumeo. Neno lake umelisikia kama hukumu, mimi nimelisikia kama hofu. Alikushika mkono kwenye ngazi siku mbili, akauona mkojo ule, na hakuna aliyemweleza ni kitu gani. Akajieleza mwenyewe kadiri alivyoweza. Katika nyumba yenu ndiye peke yake aliyeutilia maanani, kumbuka hilo kabla hujabishana naye. Mpelekee majibu ya hospitali, umsomee. Mwambie vidonge umevitupa. Kisha, ukifika uamuzi wa kurudi, usimwombe ruhusa tu, mpe kazi. Kila mbio za aina hii zinamhitaji mtu wa kukungoja vituoni, na anayekupenda bila kuzipenda mbio ndiye bora, kwa sababu hatadanganyika na medali. Mkabidhi daftari lenye vituo vyote, na uwezo wa kukusimamisha, na wewe uapie kwamba akisema basi ni basi.

Ila mfundishe jambo moja. Ukifika kituoni asikuulize unajisikiaje, maana utamjibu kwa ile sauti. Akuulize umekula nini tangu kituo kilichopita, umekojoa lini, na rangi gani.